Pramila na Mteja Asiyebishana Bei

Pramila alizaliwa Kisumu, akakulia mtaa wa Queensbury, na mwaka 1994 alikuwa mwanamke pekee kwenye duara letu la kupaziana sauti za bei katika soko la opsheni, London. Opsheni ni haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei mnayokubaliana leo. Kazi yake ilikuwa kutaja bei mbili papo hapo, ya kununua na ya kuuza, kwa yeyote aliyeuliza. Bila watu kama yeye soko linakauka: una mali mkononi na humpati wa kumuuzia. Mimi, Talib wa Mombasa, nilikuwa karani wake wa simu, na nasema wazi kwamba najivunia.

Alikuwa kwenye majaribio ya miezi sita. Bosi alishamwambia: hasara kubwa moja tu, na kazi imekwisha.

Zikiwa zimebaki siku nne, akaja dalali mmoja tuliyemjua kwa ubahili. Mtu huyo hubishana mpaka nusu peni. Akaulizia opsheni za kununua hisa za kampuni ndogo ya rangi, ambayo wiki nzima haiulizwi na mtu. Pramila akataja bei. Dalali akachukua mikataba ishirini palepale, kila mmoja wa hisa elfu moja, bila neno, kisha akauliza kama zipo nyingine.

Wenzetu wakakimbilia kumuuzia, meno yote nje. Pramila akapandisha bei yake mara mbili, wakamcheka. Akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, maana pale hakuna mwingine aliyekijua, "Talib, nunua stock yenyewe sasa hivi, elfu ishirini. Usiniulize kitu!"

"Bosi atatuua, dada."

"Baba aliuza mahindi miaka thelathini. Bahili asipobishana, kuna kitu anajua. Piga simu!"

Nikapiga. Hisa zenyewe zilikuwa adimu; nilizipata kidogo kidogo, kila fungu ghali kuliko lililotangulia.

Kesho yake asubuhi ikatangazwa kuwa kampuni ile inanunuliwa, na bei ya hisa ikaruka kwa theluthi. Waliocheka sasa walitakiwa kutoa hisa kwa bei ya zamani bila kuwa nazo, wakapata hasara ya kuwatoa machozi. Hisa za Pramila zilifidia opsheni alizouza, na faida ikabaki.

"Una bahati," bosi akamwambia.

"Bahati gani? Nilimtazama mteja."

Bosi akautia sahihi mkataba wake wa kazi siku hiyohiyo.

Tangu hapo, mteja akija kuuliza bei, wanaume wale wenye sauti kubwa walinyamaza kwanza. Walikuwa wanamngoja Pramila ataje yake.