Kibao Nyuma ya Kiti

Fundi baiskeli hakuipenda ile klabu ya wafadhili, na hakuwa mtu wa kuficha. Ukiitaja tu, anatema mate pembeni halafu anaendelea kunyoosha rimu. Alikuwa na haki. Kila mwaka klabu ikigawa viti vya magurudumu, wiki haiishi viti vyenyewe viko kibandani kwake: vipana, virefu, na vigurudumu vya mbele vya kuteleza kwenye sakafu ya hospitali, si kwenye mawe ya mitaa yetu. Yeye ndiye aliyevikata, akavichomelea upya, akavifunga tairi za baiskeli. Klabu ikapata sifa, yeye akapata malengelenge. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawa walitenda wema wakamsubiri mpiga picha.

Kiti cha kwanza kabisa alipewa dada yake, mshonaji, aliyepooza miguu tangu utotoni. Sasa ni miaka ishirini na mbili. Fundi alikipunguza mpaka kikapita mlangoni, akakipandisha mpaka dada akalingana na cherehani yake ya mkono. Cha klabu kilichobaki ni kibao cha bati mgongoni, chenye jina lao. Kila Ijumaa dada alikisugua kwa kitambaa mpaka king'ae.

"Nikitoe hicho kitangazo," kaka alimwambia mara nyingi.

"Kiache. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawa watu walininyanyua sakafuni."

Klabu ilipotimiza miaka thelathini, katibu wao alifika kibandani na shati lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Wameandika kitabu cha historia, akasema, na wanataka kuonyesha kiti cha kwanza ukumbini. Amesikia kiko kwa fundi. Kitarudi Jumapili. Hakuuliza mwenyewe yuko wapi wala anaendeleaje. Fundi alitaka kumfukuza, ila jioni dada alimsihi.

"Siku mbili tu, kaka. Tusionekane hatuna shukrani."

Kikaenda. Fundi akamletea dada kiti cha mteja kilichokuwa kikingoja kukatwa, nacho kikagota mlangoni. Basi dada akarudi chini kwenye mkeka, cherehani, iliyokazwa mezani kwa skurubu, ikabaki juu, haifikiki. Jumapili kimya. Jumatatu kimya. Jumanne mteja aliyempa dada sare kumi za shule azishone akaja kusema kesho anachukua vitambaa vyake, ampelekee mshonaji mwingine. Fundi aliposikia, aliacha baiskeli ya watu imepinduliwa miguu juu, akaenda.

Ukumbini alikikuta kiti kwenye jukwaa dogo, kimezungushiwa kamba nyekundu. Mbele yake kulikuwa na kadi: "Kiti chetu cha kwanza. Kilimtumikia marehemu hadi siku yake ya mwisho."

Aliisoma mara mbili.

"Nani kawaambia amekufa?"

Katibu alikohoa. "Miaka ishirini na mbili, fundi, kwa mtu wa hali ile... tulikadiria. Kitabu kilikuwa kinasubiriwa na mpiga chapa."

"Kutoka hapa mpaka kwake ni mitaa mitatu. Mlishindwa kuuliza?"

Mwenyekiti wao akasogea, mkono mzito begani kwa fundi. "Kadi tutabadilisha, ndugu yangu. Ila kiti kibaki, ndiyo historia yetu. Yeye tutampelekea kipya, na mpiga picha tutakuja naye."

Fundi aliutoa ule mkono begani. "Marehemu yuko sakafuni," alisema, "na ana sare kumi za kumaliza."

Akafungua kamba, akashusha kiti, na kadi akaitia mfukoni. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Nyumbani alimpandisha dada kitini, halafu akampa kadi. Alikuwa amejiandaa kugombana, maana alijua dada atawatetea kama kawaida yake. Dada alisoma polepole. Akaiweka juu ya cherehani. Fundi akajuta kumwonyesha.

"Kaka, una bisibisi?"

Skurubu zilikuwa na kutu. Fundi alizifungua moja moja, dada amekinga kiganja nyuma kuzipokea. Kibao kilipotoka, dada alikifuta kwa kitambaa kama ilivyokuwa Ijumaa zote, akamkabidhi.

"Wapelekee," alisema. "Waambie marehemu amewarudishia chao."

Akavuta sare ya kwanza, akaanza kuzungusha cherehani.