Pikipiki Iliyolala Sebuleni

Hadi leo nikisikia harufu ya petroli, pua yangu huitafuta na ya pili yake, harufu ya ubani. Mwaka niliokuwa darasa la tatu harufu hizo mbili ziliishi pamoja nyumbani kwetu Bulyaga kama wake wenza: hazipatani, wala hakuna inayohama. Ubani ulitoka kwenye chetezo kilichofukizwa siku za hitima ya baba. Petroli ilitoka kwenye pikipiki yake, ndogo, nyekundu, ya Kijapani, ambayo tangu siku aliyoinunua ililala sebuleni kwa kuogopa wezi. Waombolezaji walipojaa walikunja miguu kuizunguka, na wengine, kwa kukosa pa kuweka, walitundika makoti yao yaliyolowa kwenye usukani. Nje mvua ya masika ilinyesha kama inavyonyesha Tukuyu, bila hasira na bila kuchoka, na migomba ya nyuma ya nyumba iliyapokea maji yale kwa makofi madogo madogo.

Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa duka letu. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoanza kuruhusu biashara za watu binafsi. Sabuni, ambazo watu wazima walitusimulia kwamba ziliwahi kutafutwa kama dawa, sasa zilipangwa kandokando ya barabara kwa rangi zake, na mtu yeyote mwenye miguu na moyo aliweza kujiita mfanyabiashara. Baba alifunga mzigo kwenye keria, khanga, chumvi, sabuni na betri za redio, akateremka nao kwenye magulio ya Lufingo na Kisiba, akarudi na maharage na ndizi ambazo mama aliziuza kibarazani. Mama mwenyewe aliiogopa pikipiki kama mtu anavyomwogopa dume la ng'ombe la jirani. Mara chache alizopakiwa alifumba macho kabla baba hajawasha, midomo ikitembea kwa dua, na aliposhuka jambo la kwanza alilotazama ni kama kandambili zote mbili zimefika naye.

Hitima ilipokwisha mama akakaa eda, ile miezi ambayo mjane wa Kiislamu hatoki nje ya uzio wa nyumba yake wala hajipambi. Mdogo wake baba, Ba'mdogo Hamisi, fundi cherehani pale sokoni, alikuja kutujulia hali kila Ijumaa baada ya swala. Yeye alikaa sebuleni kwenye mkeka, mama alikaa chumbani nyuma ya pazia, na maneno yalipita katikati. Ijumaa moja alikohoa mara nyingi kuliko kawaida, kisha akasema, "Shemeji, mimi sikufukuzi, Mungu ni shahidi. Lakini biashara yenu ilikuwa na magurudumu, na mwenye kuyaendesha ndiyo hivyo tena. Eda ikiisha tuuze hii pikipiki, upate cha kurudia kwenu Tunduru ukapumzike kwa wazazi. Rehema atabaki kwangu asome. Mtoto ni wa upande wa baba." Pazia halikutikisika. "Nimesikia, shemeji," mama alijibu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tandiko la pikipiki, mahali nilipopapenda kuliko kiti chochote, nikaelewa kwamba chombo kile, bila hata kuwashwa, kingeweza kumpeleka mama mbali kuliko kilivyowahi kumpeleka baba.

Injini isiyowashwa hufa, alisema Ba'mdogo, na mnunuzi hanunui maiti. Aliwahi kuwa utingo wa lori ujanani, hivyo alijiona fundi wa kila kitu kinachonguruma. Ijumaa hiyohiyo aliisukuma pikipiki hadi uani, akaipandisha kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma likiwa linaning'inia hewani, akanifundisha kuiwasha. Nilikuwa mwepesi mno, ilinibidi niruke na kutua juu ya kiki kwa miguu miwili. Ilipowaka alifurahi kama mtu aliyefufua, akanionyesha kluchi, akanionyesha gia, maana gia nazo, alidai, zisipoguswa huganda. Kazi yangu ikawa kuiwasha kila asubuhi kabla ya shule, nizungushe gia zote, nizime. Mama alinisaidia kuisukuma hadi uani, hilo Ba'mdogo alilijua. Kilichofuata hakukijua. Asubuhi ya kwanza nilipokwisha kuzima, mama alisimama akiitazama pikipiki, akajifunga khanga kiunoni, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kunywa dawa chungu, "Hebu nipishe."

Sijamwona mtu mwoga akiwa jasiri kama mama asubuhi ile. Aliligusa tandiko kwa vidole viwili, akavirudisha. Akapanda. Akashuka. Akaenda jikoni kutazama uji ambao haukuwa jikoni. Akapanda tena. Injini ilipowaka alipiga yowe akaruka hadi mlangoni, akabaki ameshika mwimo kwa mikono miwili, na pikipiki nayo ikazima yenyewe kama iliyoona haya. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, kicheko cha kwanza tangu msiba, halafu yeye akanyamaza ghafla na kutazama juu ya uzio kama kuna mtu wa kumwomba radhi. "Eda imenifunga miguu," aliniambia, "haijanifunga mikono." Tangu siku hiyo kila asubuhi alipanda, akiwa na nguo zake zisizo na rangi, akaendesha bila kwenda popote. Kuta za matete hazikusogea. Tairi la nyuma lilizunguka hewani likirusha matope makavu ya safari za baba.

Sikio halilali njaa, na sikio la mama mwaka ule lilikula likashiba. Kila Alhamisi jioni alinipa maswali. Ijumaa niliyapeleka kwa Ba'mdogo kama ya kwangu: breki ya mguu ni ya tairi lipi, kwenye mlima unashusha gia kabla au baada ya injini kulalamika. Naye, akinenepa kwa fahari, alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kabla! Ukingoja ilalamike umechelewa. Msikilize mnyama, atakwambia." Nyuma ya pazia kimya kilikuwa kimetega masikio. Baadaye mama alinifunga macho kwa khanga, akaendesha juu ya stendi, nami nikabashiri gia. Ya pili. Ya tatu. Amerudi ya pili. Tulizijua sauti zile kama watu wa Tukuyu wanavyojua aina za mvua. Jirani yetu Bibi Tusekile, mama wa Kinyakyusa mwenye ulimi usio na lango, aliita kila mara kutoka upande wa pili wa uzio, "Gwe Rehema! Huyo ng'ombe wenu mbona analia kila siku na malishoni haendi?"

Eda ilikwisha wakati wa kipupwe, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya chai kama blanketi lisilotaka kukunjwa. Mama alioga, akavaa gauni la bluu, na kesho yake akamwita Ba'mdogo. Hakumweleza kitu. Aliishusha pikipiki kutoka kwenye stendi, akaitoa nje ya uzio, akaiwasha, akatia gia ya kwanza kwa ustadi kabisa, kisha akaachia kluchi kwa mpigo mmoja, kama alivyozoea. Hapo ndipo tulipogundua kosa la shule yetu. Juu ya stendi mama aliweza kuachia kluchi apendavyo, hewa haikumbishia. Ardhi inabisha. Pikipiki iliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, ikapasua matete ya Bibi Tusekile, ikaingia migombani. Tulimkuta mama amekaa kwenye matope, kandambili moja mguuni na nyingine imenasa juu ya jani, tairi la nyuma likizunguka hewani kwa mara nyingine. "Iko gia ya kwanza," alisema kabla hatujamwuliza kama ameumia. "Izimeni."

Ba'mdogo aliizima. Alimtazama mama, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Nani kakufundisha gia, shemeji?"

"Wewe."

"Mimi! Lini?"

"Kila Ijumaa."

Bibi Tusekile alicheka mpaka akakaa juu ya kisiki cha mgomba wake uliovunjika. "Hamisi gwe, unazunguka kutafuta mnunuzi, kumbe mwendeshaji umemfuga ndani!" Ba'mdogo hakucheka. Aliichomoa kandambili ile kwenye jani, akaipangusa tope kwa kanzu yake, akairudisha kwa mwenyewe. Kisha akasema polepole kwamba mnunuzi amepatikana, mnyapara wa shamba la chai, na amempa neno lake kwamba Jumamosi aje aione. "Jumamosi ni gulio la Kisiba," akaongeza, akiangalia pembeni. "Ukienda na mzigo ukarudi salama, mimi nitajua la kumwambia. Usipoweza, shemeji, tusilaumiane." Mama alisimama, akajikung'uta. "Nikirudi," alisema, "Rehema analala kwangu."

Siku zilizobaki mtaa wetu ulipata sinema ya bure. Ba'mdogo, kwa kuwa haikumfaa kumshika shemeji yake, alifunga kamba ndefu kwenye keria na kukimbia nyuma, kanzu ameipandisha hadi magotini, akipiga kelele, "Taratibu! Taratibu!" Ndiyo maana mama alianguka sana. Wahenga waliosema mwenda pole hajikwai hawakuwahi kupanda pikipiki: yenyewe ukiipunguzia mwendo ndipo inapolala. Bibi Tusekile aliketi kibarazani na sahani yake ya viazi kama aliyekata tiketi. "Ng'ombe anakukokota, Hamisi! Mwachie kamba, anajua njia!" Mama alitetemeka kila mara kabla ya kuwasha. Nilikuwa nikimwona magoti yake yakicheza chini ya gauni, na hayakuacha hata siku ya mwisho. Alichojifunza ni kuyaacha yatetemeke huku mikono ikifanya kazi yake.

Jumamosi aliondoka na koti la mvua la baba, mikono yake imekunjwa mara mbili, mzigo wa sabuni na khanga ukiwa juu kuliko kichwa chake. Ukungu ulimmeza kabla hajafika kwenye kona. Hakutaka nimsindikize. Adhuhuri mvua ilianza. Mnyapara alikuja alasiri, mtu mpole mwenye mabuti makubwa na kofia aliyoivua mlangoni. Ba'mdogo alimkaribisha sebuleni, na mahali pa pikipiki palikuwa na duara la mafuta sakafuni tu. Nilileta chai. Nikaleta maandazi. Nikaleta chai tena. Mgeni aliuliza kwa adabu kama chombo chenyewe kiko mbali. "Kipo njiani," alisema Ba'mdogo, na vidole vyake vilikuwa vinavuta nyuzi za mkeka moja moja. Mimi nilikaa kizingitini. Nilishaanza kuhesabu moyoni vitu ambavyo mama angehitaji kuvichukua kwenda Tunduru, nikaona kwamba ni vichache mno, vingeenea kwenye keria.

Sauti ilianza kama nyuki ndani ya pamba. Kulikuwa na pikipiki chache Tukuyu, lakini ninaapa kwamba ningeijua yetu katikati ya mia. "Gia ya tatu," nilisema. Ba'mdogo alikuwa tayari nyuma yangu, ameinama, sikio nje kwenye mvua. Mlima wa kuingia Bulyaga siku za mvua ni sabuni tupu, na mzigo wa maharage huvuta nyuma. Sauti ikanenepa. "Ya pili," nikasema. Ikaendelea kupanda, ikaanza kukaribia ule mguno tulioujua wote wawili, na Ba'mdogo akanong'ona, akiwa ameushika mwimo kama alivyowahi kuushika mama, "Kabla, shemeji. Kabla. Usingoje." Kwa kitambo kimoja hapakuwa na sauti yoyote, mvua tu. Halafu ikaja, nzito, ya chini, imetulia: gia ya kwanza.

Alitokea kwenye ukungu akiwa tope kuanzia kichwani, kioo kimoja cha pembeni hakipo, gunia limelala upande, miguu yote miwili ikiburura ardhini kama kasia. Hakujua kusimama vizuri, akaizima kwa kuigonga taratibu kwenye ngazi za baraza. Mnyapara alitoka na kikombe chake mkononi. Aliitazama pikipiki, akamtazama yule mwanamke aliyekuwa bado hajaweza kuachia usukani. "Ndiyo yenyewe?" aliuliza. "Ndiyo," alisema Ba'mdogo. "Utanisamehe, ndugu yangu. Ina mwenyewe." Yule bwana alitazama kikombe chake. "Kwa hiyo nimekuja kunywa chai?" "Na maandazi," alijibu Ba'mdogo. Wakacheka wote, akavaa kofia yake, akasema "Ndaga", asante ya Kinyakyusa, kwa mama kwa heshima, akaondoka. Nilimkumbatia mama palepale juu ya tandiko. Alinukia petroli, na chini ya petroli, kwenye shingo, ubani.

Miaka imepita. Pikipiki ile ilinisomesha hadi ikachakaa, Ba'mdogo ametangulia mbele ya haki, na sebuleni ilipolala pikipiki sasa ipo televisheni kubwa. Bodaboda Tukuyu zimekuwa nyingi kama siafu, lami imefika kulikokuwa na telezi, na msichana akipita anaendesha, hakuna anayetoka kibarazani na sahani ya viazi. Nafurahi kwamba hakuna. Ila ninapowaona vijana wakijifunza siku moja na kesho yake wamepakia watu, mimi huikumbuka ile shule ya tairi hewani, miezi ya kusikiliza kabla ya kusogea, na najiuliza ni nani siku hizi anayepewa nafasi ya kuogopa kwanza.

Nilipokwenda mara ya mwisho nilishuka kwenye bodaboda mlangoni pa mama, ukungu ukiwa umefunika kila kitu. Magoti yake siku hizi yamemfunga ndani tena, eda isiyo na mwisho wa kuungoja. Kabla sijapiga hodi, sauti yake ilitoka nyuma ya pazia la dirisha. "Rehema, mwambie huyo kijana gia ya kwanza aitie kabla ya kona, siyo baada. Anamchosha mnyama."

Kijana aligeukia pazia. "Shikamoo, bibi. Kwani umeniona?"

"Marahaba, baba. Kukuona ya nini, na masikio ninayo?"