Watu wa Milimani na Udhamini wa Mtani

Siku ya kwanza kazini niliingia bomani na kanzu nyeupe na viatu, maana shuleni tuliambiwa karani hujulikana kwa viatu. Kufika adhuhuri tope la Rufiji lilikuwa limevimeza vyote viwili, nikaandika peku. Vita vya Maji Maji vilikuwa vikizimika. Watu walishuka kutoka milima ya Umatumbi, nyumba zao zimechomwa, maghala matupu. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea na kuwatafutia makazi na ajira.

Ajira haikukosekana. Bwana Msitu, Mjerumani aliyesimamia mikoko, alitaka wakata boriti, yaani miti ya kujengea. Upande wa Chumbi walitakiwa watu wa mlau, kilimo cha kupanda kwenye unyevu mafuriko yakishapungua. Lakini mkuu wangu, Akida, alikuwa na sharti: mgeni adhaminiwe na mwenyeji, asije akawa mpiganaji aliyejificha. Asiye na mdhamini arudi alikotoka. Nani deltani angemdhamini mtu wa milimani? Nikawa karani hodari wa kurudisha watu.

Akaja Bi Nangonde, mjane mwenye watoto wawili wembamba kama mianzi.

“Nirudi wapi, mwanangu?” akaniuliza. “Kule limebaki jivu.”

Akida akaniashiria nimwite anayefuata. Hapo Mzee Mpendu, Mndengereko mkata boriti aliyekuwa akimsubiri Bwana Msitu, akamkagua yule mama juu hadi chini.

“Wamatumbi mmeshuka. Mawe yameisha utamu?”

“Yamebaki ya kuwapiga ninyi mnaolala na kaa.”

Mzee akamnyang'anya mkeka aliobeba, akaukalia. “Huu wangu sasa.”

“Kalia. Utanuka vizuri kwa mara ya kwanza.”

Akida akashika bakora. Mimi ni Mzaramo, utani wa makabila naujua, nikamwomba asubiri.

“Mzee, huyu unamjua?”

“Nimjue wapi? Mtani wangu.”

“Akikosea?”

“Niiteni. Akifa, namzika mimi. Unataka nini tena, karani, nimwoe?”

“Na miguu hiyo?” akasema Bi Nangonde.

Akida akakataa udhamini huo. Nikaenda kwa Bwana Shauri, Mjerumani aliyeamua mashauri ya boma.

“Unataka serikali itegemee matusi?”

“Bwana, mtu aweza kumkana ndugu yake. Mtani hamkani mtani.”

Akavuta kiko chake. “Jaribu. Mmoja akitoroka, mikoko utakata wewe.”

Kwa kuwa mikono yangu ilizoea kalamu tu, niliupigania mpango ule kwa moyo wote. Niliweka benchi mlangoni. Kila asubuhi Wandengereko walikuja kuwatukana wageni, kisha wakawachukua majumbani. Waliozoea jembe tuliwapeleka Chumbi, wenye mabavu kwa Bwana Msitu. Hakutoroka mtu.

Sasa nimestaafu, na vijana wa ofisini huniuliza nilikuwa na cheo gani. Kidogo. Lakini nasema bila haya kwamba kazi ile niliifanya vizuri, na ushahidi wangu ni asubuhi moja tu, baada ya mavuno ya kwanza.

Bi Nangonde alirudi bomani, amenenepa, nyuma yake wanawake wawili wenye vumbi la milimani.

“Hawa nawadhamini,” akasema.

Akida akacheka. “Wewe? Kama nani?”

Bi Nangonde akajitandia mkeka kwenye benchi langu, akaketi.

“Kama mwenyeji.”

Akida akanigeukia. Nami nilikuwa nimeshachovya kalamu.