Mafuta ya Mkia na Shabaha ya Aabo

Aabo, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alianza kukosa shabaha mwaka uleule tuliomzika mama. Sisi ni watu wa Isiolo mjini, kizazi cha askari walioletwa na mkoloni, na babu alituachia gobori, bunduki ndefu ya kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha risasi ya mviringo iliyozungushiwa kiraka cha kitambaa chenye mafuta. Ina kibali chake. Aabo huipeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, na kwa miaka mingi aliwanyamazisha wenzake wenye bunduki za kisasa. Matundu yake kwenye karatasi yalikaa pamoja kama mbuzi kivulini.

"Ni mkono," aliwaambia, akiuinua. "Bunduki ni chuma tu."

Baada ya msiba, matundu yakatawanyika. Moja juu, moja pembeni, na risasi nyingine hata karatasi haikugusa. Jioni moja akanitangazia, "Macho yameisha. Wiki ijayo narudisha bunduki kituo cha polisi, na lori ninaloendesha ulitafutie dereva mwingine." Wallahi nilikasirika. Mtu anajizika mwenyewe akiwa hai! Nilimbishia mpaka akakubali kujaribu tena Jumamosi, nami nikaenda naye.

Tulipofika, baada ya salamu, mmoja wa wenzake akamtania, "Mzee, leo unalenga hapa au mji wa Garba Tulla?" Wakacheka. Aabo naye akacheka, na hicho ndicho kilichoniuma. Zamani angemjibu mpaka ajute.

Akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Watu walipoweka silaha chini nikaenda kuokota viraka vilivyodondoka mbele ya bunduki. Nilipokuwa mtoto niliviokota hivyohivyo nikawashonea wanasesere wangu nguo, kwa hiyo navijua: vilitoka vizima, na doa jeusi tu katikati. Hivi vya sasa vilikuwa vimechanika na kuungua pembe zote. Ala! Macho ya mzee yanachomaje kitambaa?

"Aabo, unapaka mafuta gani?" nilimuuliza tulipofika nyumbani.

"Yaleyale ya mama yako. Si kopo liko jikoni?"

Nikalifungua, nikalamba kidole. Chumvi tupu, na iliki juu yake. Yalikuwa mafuta ya nyirinyiri, ile nyama tunayoikaanga mpaka ikauke na kuihifadhi ndani ya mafuta. Chumvi na chuma, jamani! Nikasukuma kitambaa cheupe ndani ya mtutu, kikatoka chekundu kwa kutu. Kutu ilikuwa inararua kiraka, na kiraka kikiraruka risasi inakwenda inakotaka.

Ndipo nikamkumbuka mama. Kila kondoo alipochinjwa, kabla hajagusa chumvi, alikata kipande cha mkia akakiyeyusha peke yake, akayachuja mafuta yake, akayachanganya na nta ya nyuki. Kisha alipaka viraka kimoja kimoja kwa dole gumba na kufuta yaliyozidi. Niliwahi kumcheka, nikamwambia kumbe anaipikia bunduki. Akanijibu, "Kimoja kikinywa mafuta kuliko mwenzake, risasi zitagombana." Alivipanga ndani ya mkebe, na Aabo alivichukua rafuni kama mtu anavyochukua kikombe cha chai. Alipofariki mkebe ukaisha, na mzee wa watu akaingia jikoni na kutumia kopo la kwanza aliloliona.

Nikanunua mkia kwa muuza nyama. Nikausugua mtutu kwa maji ya moto mpaka vitambaa vikatoka safi, nikapaka viraka nikifuata nilivyomwona mama akifanya. Jaribio la kwanza liliharibika, nikaunguza mafuta, nikatukana peke yangu. Sikumweleza Aabo kitu. Nilimwambia tu avitumie, na kila akipiga afute mtutu ndani kabla ya kushindilia tena. Alikubali ili ninyamaze.

Tukarudi uwanjani, na moshi ulipoondoka safari hiyo, yule mtani wetu akaileta karatasi mwenyewe, ameinyanyua juu. "Mashallah, mzee! Mkono umerudi!" Matundu yote yangefunikwa na kisahani. Nikaruka kwa furaha, nikamweleza Aabo yote palepale, kuanzia kopo la nyirinyiri mpaka dole gumba la mama. Nilidhani atacheka.

Hakuinua mkono. Aliishika ile karatasi, akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, na machozi yakamtoka mbele ya wanaume wenzake.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Watu wananisifu nyumbani kwake, anawamiminia chai, anasikia, hasemi neno. Na sasa nitamwambia wapi asante?"