Mzuka wa Kichochoro cha Mitende

Mwaka wetu wa kwanza Omani, katika kijiji cha milimani upande wa Dima wa Tayyin, mama alifunga sanduku mara tatu. Hakuwa na wa kuzungumza naye. Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu, nami bintiye nilikuwa nimemchosha. Alisema Idi ikipita anakwenda kwa dada yake Dubai, na safari hii nilijua hatanii.

Mimi nilipata kibarua cha kumtafsiria nesi wa Kiingereza aliyekuja kijijini kila wiki. Siku moja tukizunguka nyumba kwa nyumba, wanawake walitukataza kupita kichochoro cha kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia, baina ya kuta za mashamba ya mitende. Mna mzuka, walisema. Mwanamke wa hapo alifia Afrika, barua ya msiba ikaja, hitima ikasomwa, kisha miaka baadaye akaonekana kakaa mle. Nesi akacheka. Hata kwao Uingereza, alisema, vijia vya mashamba vina mizuka, mabibi wa kijivu, na watu huwakimbia.

Nilimhadithia mama nikidhani naye atacheka. Akaweka chini ungo wa mchele.

"Na huyo wetu, nani kamwamkia?"

"Mama, ni mzuka."

"Mzuka si mtu mzima? Nani kampa shikamoo?"

Nilimfuata kwa hasira na woga, maana mama akishavaa buibui hazuiliki. Mwisho wa kichochoro, mlangoni mwa chumba cha udongo, kikongwe alikuwa akichambua tende. Hakuinua uso. Alishazoea kuona migongo ya watu.

"Shikamoo, bibi," mama akasema.

Mikono ikasita. "Marahaba, mwanangu," akajibu, Kiswahili cha Pemba kitupu, na machozi yakamtoka. "Mmetoka pande zipi?"

Woga wangu ukageuka haya. Barua ile ilikosea mtu, basi. Kaka yake, bibi akatueleza, alimpa chumba na chakula, lakini kijiji kilikwisha mlilia, na hakuna aliyetaka kuitikia salamu yake. Mtu kafunga safari yote ile kurudi kwao, kumbe kwao wameshamzika.

Kesho yake mama alimleta nyumbani mchana kweupe, kamshika mkono. Jirani yetu akaja kuchungulia, macho kwenye kikombe cha kahawa cha kikongwe, aone kama kitapungua. Kilipungua, akaongezwa cha pili. Kisha kikongwe akamgeukia, akamuuliza kwa Kiarabu:

"Siku ya hitima yangu, ulilia?"

"Wallahi, nililia sana."

"Basi njoo unipe mkono."

Jirani akasogea, akampa, na hakuuondoa upesi.

Idi ikapita. Mama alitoa nguo zake sandukuni, akalisogeza karibu na mlango, na kila alasiri bibi yule akawa analikalia akinywa kahawa, jirani ubavuni mwake.