Bunduki ya Nyuma ya Mlango

Burchel Tackett hakuwa mtu wa makuu. Alifanya kazi chini ya ardhi, kwenye mgodi wa makaa ya mawe, mpaka magoti yakamwambia basi, akarudi kukaa na mama yake katika nyumba ile ile aliyozaliwa, mwisho kabisa wa bonde la Sourwood, milimani Kentucky, mahali ambapo barabara ikishafika haina pengine pa kwenda. Mke alishatangulia mbele ya haki. Alikuwa na mizinga ya nyuki, alikuwa na mapaja ya nguruwe yaliyotiwa chumvi yakining'inia kibandani, na alikuwa na bunduki ya marehemu baba yake. Ukimuuliza, angekwambia hana alichopungukiwa.

Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, ya komeo: unavuta komeo nyuma, unatia risasi moja nyembamba isiyopita unene wa penseli, unasukuma, unafunga. Hiyo ndiyo bunduki ya nyumbani kule, kama sufuria ilivyo ya jikoni. Na kila Jumamosi jioni Burchel alikuwa akiketi barazani, anatandaza gazeti, anatoa fimbo ya chuma, vitambaa na kichupa cha mafuta, kisha anaanza kusugua. Anaingiza fimbo mdomoni mwa mtutu, anaisukuma mpaka chini, anaivuta, anaisukuma tena, hata kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, mzee Hobart, na Hobart kafundishwa na wake. Bondeni Sourwood mwanamume akiacha bunduki yake ichafuke, majirani huanza kuuliza kama na watoto wake wanaoga.

Sasa, mama yake. Mama Delpha alikuwa na miaka tisini na mmoja na meno matano. Yalikuwa sita, ila msimu mmoja Rondal Slone, mume wa binti yake, alimletea kindi aliowapiga kwa bunduki ya marisau, ile inayotema chembe za risasi kama mtu anayemwaga mtama. Chembe moja ilibaki pajani mwa kindi. Mama Delpha akauma, jino likaenda.

"Kuanzia leo simtafuni kindi wa Rondal," alisema siku ile, jino kaliweka pembeni mwa sahani wote walione. "Nimebakiwa na matano, na yote nina kazi nayo."

Ikawa sheria. Kindi wa Mama Delpha lazima awe amepigwa kichwani, kwa risasi moja, na anayeweza hilo ni Burchel peke yake. Na jambo hili halikuwa mzaha, kwa sababu siku hizi chakula kilikuwa kinamshinda bibi yule. Anaonja, anasukuma sahani. Lakini Jumamosi ya tatu ya Agosti, msimu unapofunguliwa, ukimpikia kindi kwa mchuzi mzito wa unga na maziwa, na vimkate vya moto pembeni, anakula mpaka anapangusa sahani. Kuanzia hapo anakula kwa wiki nzima, kana kwamba tumbo limekumbushwa kazi yake. Burchel alikuwa anahesabu mwaka kwa Jumamosi hiyo.

Balaa likaanza msimu uliopita. Burchel akaanza kukosa. Analenga kichwa, jani linaruka pembeni. Analenga tena, gome la mti linapasuka juu. Akajifariji kuwa ni upepo. Mwisho akampiga kindi mmoja tumboni, mnyama akajikokota mpaka kwenye shimo la mti akaingia. Burchel alisimama chini akisikia kucha zikikwaruza ndani, kisha akasikia kimya. Alirudi nyumbani hakula. Iliyomuuma zaidi ni aibu, maana mwindaji wa kule hasifiwi kwa aliowaua, husifiwa kwa kutomtesa hata mmoja.

Rondal, ambaye tangu habari ya jino alikuwa anatafuta pa kulipia, akapata.

"Shemeji, macho yamechukua likizo?"

"Yapo."

"Au ni bunduki. Sema tu ni bunduki. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."

Hapo ndipo alipomfunga mdomo. Burchel tangu ujana wake alikuwa anawacheka watu wanaolaumu bunduki. Atailaumuje yake, tena ya baba yake, tena inayong'aa kuliko vijiko vya mama yake? Akameza. Akajiambia mwenyewe kwamba uzee umefika, umeingilia machoni, na kazi ya mtu mzima ni kuukaribisha. Lakini rohoni ilimchoma, tena vibaya.

Alhamisi kabla ya ufunguzi akajikaza.

"Mama, nafikiri mwaka huu tumwachie Rondal. Tutamchambua kindi vizuri, tutoe kila chembe."

Mama Delpha alikuwa anamenya maharage. Hakuinua uso. "Rondal akileta, mpe mbwa. Mimi nitakunywa maji."

Na alivyokuwa mbishi, angeyanywa kweli.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi Burchel akatia bunduki yake kwenye pikapu, akatia na paja moja la nguruwe na mitungi ya asali, akateremka mpaka kwa Estill Gayheart. Estill alikuwa mbadilishaji wa bunduki. Kuuza hakupendi, anasema kuuza hakuna mazungumzo. Unampa kitu, anakupa kitu, katikati yake mnatukanana kwa heshima. Nyuma ya nyumba yake aliweka meza nzito na mfuko wa mchanga wa kulazia mtutu, na ng'ambo, kwenye ukingo wa udongo, kipande cha boksi kilichochorwa duara kwa mdomo wa kikombe. Kwa Estill huchukui bunduki ambayo hukuipiga pale mezani.

"Nataka yenye darubini," Burchel alisema. "Macho yamekwisha."

"Nani kakwambia?"

"Kindi."

Estill akacheka, akamletea bunduki tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, kitako cha plastiki, darubini juu kubwa kama chupa. Ya pili ilikuwa ya zamani, imetunzwa, mbao zake zimepakwa mafuta mpaka unajiona uso. Ya tatu, jamani. Ya tatu ilikuwa ya ajuza mmoja wa ng'ambo ya mlima, imekaa nyuma ya mlango wa banda la kuku kwa umri wa mtu mzima, ikitoka tu kuua panya na nyoka. Kitako kimekwaruzwa, chuma kimeingia kutu ya kahawia, na kwenye kona moja ya komeo kulikuwa na kinyesi cha kuku kilichokauka.

"Hii ya nini?" Burchel aliuliza.

"Ya tatu. Kaa, piga. Anza na yako, tujue tunatoka wapi."

Burchel akalaza bunduki ya baba yake kwenye mfuko, akapumua, akapiga risasi tano. Matundu yakatawanyika, mengine ndani ya duara, mengine nje kabisa.

"Unaona," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Estill akaipokea bunduki, akaiweka kando. Akampa ile ya plastiki. Darubini ilileta duara karibu, kweli, lakini kifyatulio kilikuwa kizito, unavuta mpaka mtutu mzima unahama, na komeo lilichezacheza kama jino bovu. Matundu yalikaribiana kidogo, si kwa kumpa mtu raha. Akaishika ile inayong'aa, moyo ukamkunjuka; uzito wake ulikaa mkononi vizuri, komeo likateleza kimya. Hii ndiyo, akajisemea. Akapiga. Ikatawanya vilevile kama yake.

"Basi nirudi nyumbani," Burchel alisema.

"Hujapiga ya kuku."

"Estill, usinifanyie mzaha leo."

"Piga ya kuku, kaka."

Akaishika kwa ncha za vidole. Kifyatulio kiliachia kwa wepesi, mara moja, kama njiti ya kiberiti inavyokatika. Estill alimpa kwanza risasi za bei ghali, zikatua hapa na pale. Akamnyang'anya, akampa za kawaida zinazokwenda polepole. "Bunduki ndogo kila moja ina chakula chake," alisema. "Haijali bei." Burchel akapiga tano tena. Akatazama. Akasimama akaenda mwenyewe mpaka kwenye boksi, kwa sababu hakuamini. Katikati ya duara palikuwa na tundu moja lenye kingo zilizochanika, lingefunikwa na kifungo cha shati. Risasi tano zote zimepita humo, bila darubini, kwa macho yale yale yaliyokwisha.

Alikaa pale mbele ya boksi kitambo. Machozi yalimlenga, akajifanya anakagua udongo.

Aliporudi mezani, Estill alikuwa ameshika bunduki ya mzee Hobart na kioo cha kukuzia.

"Nani anaisafisha hii?"

"Mimi. Kila Jumamosi," Burchel alisema, kwa fahari kidogo.

"Kwa fimbo ya chuma? Kutokea mdomoni?"

"Sasa utokee wapi?"

Estill akavuta komeo, akabonyeza kidude, komeo lote likatoka mkononi mwake. Mtutu ukabaki wazi nyuma, unaona mwanga mpaka upande wa pili. "Mlango wa nyuma huu hapa. Miaka yote unaingilia dirishani."

Burchel akatazama. Kumbe. Akakumbuka bunduki ya babu yake, ile inayopakiwa kwa kuvuta kishikio cha chini ya mtutu, ambayo haikuwa na nyuma ya kufunguka. Hobart alijifunzia kwenye hiyo, akahamia kwenye hii na fimbo yake ile ile, akamrithisha mwanawe vyote viwili. Estill akampa kioo. Mdomo wa mtutu, unaotakiwa uwe mviringo kamili maana ndio wa mwisho kuigusa risasi, ulikuwa umelika upande mmoja kama mdomo wa kinu.

"Risasi hizi laini, zina nta," Estill alisema. "Haziui mtutu hata upige maisha yako yote. Fimbo ndiyo inaua. Na ile inayong'aa pale ni kilio hicho hicho; mwenyewe alikuwa shemasi, safi sana. Ya kuku haijawahi kuona kitambaa."

"Kwa hiyo nimeiua mimi."

"Wewe na baba yako. Kwa kuipenda."

Burchel akarudisha kioo. Ilimuuma, si kidogo. Ni kama kuambiwa umemlisha mtoto sumu ukidhani ni maziwa. Lakini chini ya uchungu huo kulikuwa na furaha inayopanda yenyewe, hawezi kuizuia, na akaona haya kuwa nayo. Macho yake hayana neno. Mkono wake hauna neno. Mara hii mbaazi ulikuwa na haki ya kulalamikia jua.

Wakaanza mazungumzo. Desturi inataka ukitaka kitu ukiponde.

"Ina kutu," Burchel alisema.

"Ina."

"Inanuka kuku."

"Sana. Irudishe basi."

Burchel hakuirudisha. Estill akatazama mikono yake, akatikisa kichwa. "Bwana Tackett, tangu urudi kutoka kwenye boksi hujaiweka chini. Hujui kubadilishana wewe. Weka paja, weka asali, na nipe hiyo ya mzee. Nitakata kipande cha mdomo, niutengeneze upya, itampata mtu."

"Paja chukua. Asali chukua, yote. Hiyo ya baba haikatwi."

Estill hakubisha. Akamwongezea kisu kidogo cha mfukoni, kama ilivyo ada, ili asiseme kaondoka mikono mitupu.

Jumamosi alfajiri Burchel alikuwa chini ya miti ya hikori, mgongo kwenye shina, maganda ya karanga zake, chakula cha kindi, yakimdondokea kofiani. Kindi wanne, risasi nne, vichwa vinne. Hakuna aliyejikokota.

Mezani Rondal alikuwepo, maana kwa mchuzi huo mtu hangoji kualikwa. Mama Delpha akachukua paja, akalitia mdomoni, akatafuna polepole, upande wenye meno, huku anasikilizia. Wote wakaacha kula. Akatoa mfupa, mweupe, akauweka pale pale alipowahi kuweka jino.

"Kindi huyu ni mkono wa nani?" aliuliza.

"Wa mwanao, mama," Burchel alijibu.

"Najua. Nilitaka Rondal asikie."

Rondal akainamia sahani yake. "Nimesikia, mama. Naomba mchuzi." Na bibi akapangusa sahani kwa kimkate, akaomba kingine.

Jioni Burchel akatoka barazani, akatandaza gazeti. Mikono ilikuwa inamwasha. Akaitazama ile ya kuku nyuma ya mlango, na masizi ya baruti ya asubuhi bado mdomoni mwa mtutu, akaivuta nusu, akairudisha. Akaiteremsha ya baba yake kutoka ukutani, akatia kitambaa kwenye fimbo.

Mama Delpha alikuwa kwenye kiti chake. "Si umesema hiyo imekufa?"

"Imekufa, mama."

"Na ile nzima unaiacha na uchafu wake?"

"Ile naitaka mwakani."

Bibi akafikiri, akaona ina maana. Burchel akasukuma fimbo, kutokea mdomoni, taratibu, kama baba yake alivyomfundisha.