Pima Maji

Shule yetu ilikuwa banda refu la mabati kando ya reli, pale Dodoma, na humo ndani tulifundishwa kuwa mafundi wa Wadachi, yaani Wajerumani. Asubuhi tulichora mistari kwa rula na bikari, tukapiga hesabu za uzito na pembe. Mchana tulitoka juani kujenga kile tulichokichora. Jua la Ugogo halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kusimama chini yake, na ndani ya banda lile lilikuwa kali kuliko nje.

Sikupelekwa pale kwa sababu ya akili. Jumbe alikuja nyumbani kwetu Ipagala akiwa na askari, akampa baba hiari: aende mwenyewe kazi ya reli, au amtoe mwanawe kwa shule. Mwenye mtoto shuleni hakuguswa. Baba alikuwa na kifua kibovu tangu ujana wake. Akipandisha ng'ombe kilima kidogo tu, alilazimika kuketi. Mama alinifungia unga wa uwele kwenye ngozi, akaniambia maneno machache tu: "Wakikufukuza, watamchukua baba yako. Nawe unajua hatarudi." Basi nikawa mwanafunzi hodari. Niliogopa kila kitu, na woga ule ukaninyoosha mkono. Mistari yangu ilinyooka kuliko ya mwanafunzi yeyote.

Wenzangu wengi walikuwa vijana wa mjini, watoto wa watu waliokuja na misafara wakabaki kufanya biashara. Kiswahili kilikuwa chao tangu ziwa la mama. Mimi nilikiokota minadani, kwa wanunuzi wa ng'ombe, kwa hiyo nilijua vizuri maneno ya bei na ya matusi. Ya ufundi nilikuwa nikiyadaka yanavyopita. Nikikosea neno walilibeba siku nzima, wakinirudishia wakati wa kula, wakati wa kunawa, hata wakati wa sala yao. Nilicheka nao. Niliwachukia pia, na sioni haja ya kulificha hilo leo.

Mwalimu wetu alikuwa Mdachi mwenye shingo nyekundu ambaye hakupenda kurudia jambo. Chini yake alikuwapo msaidizi, fundi wa pwani, mtu mzima mwenye kanzu safi na sauti tamu, ambaye kazi yake ilikuwa kumfasiria mwalimu pale Kiswahili chake kilipokwama. Tulimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba kwa upole kabisa.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Wanawake wa vijiji vya karibu walikuwa wakichimba visima katika mchanga wa korongo, kama wanavyofanya Wagogo miaka yote, na reli ikavichukua visima vile kwa ajili ya gari moshi. Wanawake walikwenda bomani kulalamika, wakatimuliwa kwa viboko. Sisi wanafunzi tulipewa kazi ya kujenga nguzo za mawe za kubebea tangi kubwa la maji, ili gari moshi likifika linywe. Nguzo zilitakiwa kulingana vichwa, la sivyo tangi lingeinama.

Siku ya kuanza safu ya juu ya nguzo ya kwanza, mwalimu alininyooshea kidole mbele ya wote. "Wewe. Pima maji."

Kando yetu palikuwa na pipa la maji ya kuchanganyia chokaa na ya kunywa. Nilikata kijiti, nikaenda mbio, nikakizamisha mpaka chini, nikatazama alama ya unyevu. Nikarudi, nikasimama wima kama tulivyofundishwa. "Yamebaki kidogo, Bwana," nikasema. "Hayatoshi mpaka jioni."

Kumbe pimamaji ni jina la chombo. Ni kipande cha mbao chenye kichupa cha kioo ndani yake, na ndani ya kioo mna maji na kiputo cha hewa. Ukikilaza juu ya jiwe lililokaa sawa, kiputo hutulia katikati. Kilikuwa palepale, juu ya sanduku la misumari. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha mwiko.

Mwalimu hakucheka. Alifikiri nawasemea wale wanawake wa visima. Alimgeukia msaidizi, akamuuliza nimesema nini hasa, na kwa nini. Neno moja tu lingetosha kuniokoa. Msaidizi alijua vizuri kilichotokea. Machozi ya kicheko yalikuwa bado machoni pake. Akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akasema, "Anakufanyia mzaha, Bwana. Hawa Wagogo wana kinyongo cha maji."

Nimemfikiria mtu yule miaka mingi. Hakuwa na ugomvi nami, wala hakupata faida yoyote. Nadhani alitaka tu kuona itakuwaje.

Nililazwa juu ya magogo ya reli, askari akanichapa mbele ya darasa zima. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, na mgongo hupona. Nilipoinuka nilingoja kuambiwa niondoke, nikawa tayari namwona mama mlangoni. Lakini mwalimu alisema mistari yangu ni mizuri na nguzo zinanihitaji, nitabaki. Kisha akasema, taratibu, ili aelewe kila mtu, kwamba kwa kuwa napenda sana habari za maji, baba yangu ataletwa kuyabeba. Msaidizi akamfasiria neno moja au mawili. Safari hii alifasiri vizuri.

Walimleta baba baada ya siku chache. Wakampa ndoo mbili na mti wa kuzitundikia begani, wakamweka katika safu ya watu waliopanda na kushuka kati ya korongo na reli tangu alfajiri. Maji waliyoyabeba hawakuruhusiwa kuyagusa. Kila mchana, nyapara alisimama karibu na pipa, akapiga kelele, "Pima maji!" Hapo ndipo kila mbebaji alipokuja na kibuyu chake akamiminiwa kata moja. Baba alikuwa hajui Kiswahili. Maneno yote aliyojifunza katika kazi ile yalikuwa hayo mawili, nayo aliyajua barabara.

Nilikutana naye siku moja pale korongoni, nilipotumwa kuchota mchanga. Nilimwamkia kwa Kigogo, nikainama. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapumua kwanza, kisha akaniuliza ni kosa gani nililofanya hata akaitwa. Hakuuliza kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Nikamweleza habari za kile kibao.

"Kwa hiyo ndani yake mna maji?" akauliza.

"Yamo, baba. Kidogo tu, ndani ya kioo."

"Mtu anaweza kuyanywa?"

"Hapana. Ni ya kuangalia."

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Maji ya kuangalia," akasema. "Watu hawa wana mambo." Akanyanyuka, akatia mti begani, akaenda zake, nami nikabaki nimeshika karai la mchanga, nimejaa uchungu nisioweza kumpelekea yeyote.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mwendawazimu. Nilijiambia nguzo zikiisha watu wa maji watarudishwa makwao, na hilo kweli lilisemwa, nililisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa wa kwanza kushika mwiko na wa mwisho kuuosha. Wenzangu waliniita Pimamaji. Kila walipokunywa waliniinulia kata na kuniuliza kama yamelala sawa.

Nguzo ya mwisho ilifika kimo chake siku ambayo bwana mkubwa wa boma alikuwa anatarajiwa kuja kuziona. Gari moshi lilikuwa limesimama tangu asubuhi likisubiri maji, kwa hiyo nyapara alitangaza kwamba leo gari moshi kwanza, watu baadaye. Jua lilipita utosini, wabebaji wakaachwa wameketi chini, vibuyu vitupu mapajani. Mimi nilikuwa juu ya nguzo. Niliweza kumwona baba vizuri: ameketi mwisho wa safu, macho ameyafumba, kinywa wazi.

Bwana mkubwa alifika juu ya nyumbu wake. Mwalimu akasimama chini ya nguzo, akarekebisha kofia, akapaza sauti ili mgeni asikie jinsi anavyotuamuru kwa lugha yetu. "Pima maji!"

Baba akafumbua macho. Akajisukuma kutoka chini kwa mikono yote miwili, akasimama, akaanza kwenda kwenye pipa. Wengine walibaki wameketi. Walikuwa wameona ni nani aliyesema. Mmoja alijaribu kumshika nguo, akamponyoka. Alifika pipani, akainama kidogo kama walivyotakiwa kuinama, akakinga kibuyu mbele ya nafasi tupu ambako nyapara hakuwapo, akangoja.

Askari alimpiga kwa kitako cha bunduki. Kibuyu kilivunjika naye akaanguka juu yake. Wenzangu walielewa kabla ya mwalimu, na kicheko kikaanza upande wa ngazi. "Baba amemrithi mwana," mmoja akasema, na msaidizi, kwa sauti yake ile tamu, akamweleza mwalimu na mgeni wake utamu wote wa mchezo: yule ni nani, na huyu juu ya nguzo ni nani, na neno lenyewe. Akafasiri lote, bila kuacha kitu. Bwana mkubwa alitabasamu.

Mwalimu akaniangalia. "Pima maji," akarudia.

Nilikilaza kibao juu ya jiwe. Jiwe nilikuwa nimelilaza mwenyewe, na halikutikisika. Kiputo kilisogea, kikarudi, kikatulia. Nikasema kiko katikati, Bwana, na kweli kilikuwa katikati.

Jioni waliniruhusu nimchukue. Mimi na mjomba wangu, aliyeitwa kutoka nyumbani, tulimbeba kwenye ngozi ya ng'ombe mpaka Ipagala, na hakuiona mvua iliyofuata. Njiani tulipumzika mara moja. Nilimlowesha midomo kwa kitambaa, akaifyonza kidogo, kisha akanitafuta kwa macho.

"Yalikuwa yale ya kioo," akasema.

"Ndiyo, baba. Yale ya kioo."

"Uliniambia," akasema. "Nilisahau."